Ukiacha pombe, jioni unaipeleka wapi?

*Wengi hufaulu kuiacha chupa. Kinachowarudisha baa ni zile saa za jioni zinazobaki tupu.*

Ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi na mishahara imeingia. Kwenye baa yoyote ya Sinza au Tabata, Dar es Salaam, meza zimeunganishwa, mishikaki iko jikoni, na mhudumu anauliza "moto au baridi?" kabla watu hawajakaa sawasawa. Mmoja wao anaagiza maji makubwa. Hapo ndipo maswali yanapoanza. "Vipi, uko kwenye dozi?" anauliza wa kwanza. "Au umeokoka?" anadakia wa pili, na meza nzima inaangua kicheko. Kwa meza ile, sababu za kutokunywa ni hizo mbili tu, ugonjwa au wokovu. Kwamba mtu mzima mwenye afya yake na mshahara wake ameona tu maisha yanamnogea zaidi bila bia, hilo halieleweki. Ikifika saa tatu usiku mwenye maji amechoka utani, amechangia bili ya vinywaji asivyovinywa, na ameaga. Wiki ijayo itambidi achague: arudi na maji yake avumilie, au akae nyumbani akodolee macho ukuta. Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo, si ajabu akaagiza bia.

Tumezoea kulisimulia suala la kuacha pombe kama habari ya nidhamu. Aliyeacha tunamsifu kwa moyo mgumu, aliyerudia tunasema hana msimamo. Kampeni za afya nazo hutaja ini, ajali, kansa na watoto waliokosa ada. Yote hayo ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na kwamba watu milioni 400 wanaishi na matatizo yatokanayo na unywaji. Lakini hofu ina kazi moja tu: kumfanya mtu aache. Haimwambii afanye nini Jumanne saa moja jioni, akiwa ametoka kazini, hana deni, haumwi, na hana pa kwenda. Hoja ya makala hii ni kwamba anayebaki bila pombe ni yule ambaye maisha ya kila siku yameanza kumlipa, na malipo hayo hayaji yenyewe. Hutengenezwa, tena kwa makusudi, na mara nyingi si kwa nguvu za mtu mmoja.

Wiki za kwanza hazina ladha

Tuanze na mwili, maana ndiko wengi wanakokata tamaa. Pombe huchezea sehemu za ubongo zinazohusika na raha na hamu ya kufanya jambo, zikiwamo zile zinazotumia kemikali iitwayo dopamini. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Solomon na John Corbit, walieleza kanuni ambayo bado inawasaidia watafiti wa ulevi. Kila hisia kali inayosukumwa upande mmoja huamsha mwilini nguvu ya kuirudisha upande wa pili. Msukumo ukirudiwa mara nyingi, raha hupungua, ilhali ile nguvu ya kurudisha hukua na kukawia kuondoka. George Koob, mmoja wa watafiti wakubwa wa ulevi nchini humo, aliiendeleza hoja hiyo: mnywaji wa muda mrefu haifikii tena raha aliyoanza nayo, na sasa anakunywa ili kuondoa unyonge ulioletwa na kunywa. Picha za ubongo zilizochunguzwa na Nora Volkow na wenzake katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa waliotopea kwenye ulevi walikuwa na vipokezi vichache vya dopamini kuliko wasiokunywa.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii. Aliyeacha Jumatatu asiyapime maisha bila pombe kwa jinsi anavyojisikia Alhamisi. Chakula kitakuwa hakina ladha, mpira kwenye runinga hautamsisimua, na usingizi unaweza kusumbua kwa wiki, hata miezi. Wengi huichukua hali hiyo kuwa ushahidi kwamba maisha bila bia ni makavu. Kumbe wanachokionja ni ulevi uleule ukiwa njiani kutoka. Kumwambia mtu mapema kwamba ukavu huo una sababu na una mwisho ni sehemu ya tiba, na inashangaza jinsi inavyotolewa kwa nadra.

Kuna tahadhari moja isiyotaka mzaha. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Kutetemeka na kutokwa jasho ni dalili za mwanzo. Degedege laweza kufuata ndani ya siku mbili, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine hupata kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, hali inayoweza kuua. Hospitali zina dawa za kutuliza hali hiyo, na hutoa vitamini B1 kuukinga ubongo. Furaha tutaizungumza mgonjwa akishavuka hapo.

> Anachokionja wiki ya kwanza si maisha bila pombe. Ni ulevi uleule ukiwa njiani kutoka.

Baa iliyogeuzwa klabu

Mwaka 1973, katika mji mdogo wa Anna jimboni Illinois, wataalamu wawili, George Hunt na Nathan Azrin, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wanaume 16 waliokuwa wamelazwa katika hospitali ya serikali kwa ulevi. Wote walipata huduma ya kawaida ya wodi: mihadhara juu ya madhara ya pombe na maelezo kuhusu vikundi vya walioacha. Nusu yao waliongezewa kitu kingine. Walisaidiwa kutafuta kazi, hatua kwa hatua. Waliokuwa na wake walikalishwa na wake zao wakapatanishwa juu ya mambo madogo ya nyumbani. Walisaidiwa kupata simu, redio au runinga, na gazeti la kila siku, kwa hoja kwamba mtu asiye na simu hapigiwi kuitwa kazini wala kualikwa popote. Halafu wataalamu wakachukua baa ya zamani wakaigeuza kuwa klabu ya kijamii: muziki, karata, dansi, chakula cha pamoja, wageni wakikaribishwa. Aliyefika ananuka pombe hakuruhusiwa kuingia.

Katika miezi sita ya ufuatiliaji, waliopata huduma ya kawaida walikunywa katika asilimia 79 ya siku. Waliopewa kazi, simu, mapatano na klabu walikunywa katika asilimia 14. Watu 16 ni wachache mno kuthibitisha jambo peke yao, na msomaji makini ana haki ya kusita. Lakini njia hiyo ilirudiwa na kuboreshwa kwa miongo iliyofuata, na leo inahesabiwa miongoni mwa tiba za ulevi zenye ushahidi mzuri. Kinachonivutia ni ile baa. Hunt na Azrin hawakumwambia mtu asiende tena mahali penye muziki na watu. Walikiri kwamba muziki na watu ni haja ya kweli, wakaondoa kitu kimoja tu, pombe. Ukitazama kwa makini utaona hata vikundi vya walioacha pombe vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, vinafanya kazi kwa njia hiyo: saa maalumu, viti vilevile, chai, na mtu atakayekuuliza kwa nini wiki iliyopita hukuja. Mapitio makubwa ya tafiti 27 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa tiba zinazomwunganisha mtu na vikundi hivyo huwasaidia watu kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine nyingi zilizolinganishwa nazo.

Asemaye kwamba hayo ni ya Wamarekani atazame Eldoret, Kenya. Huko, watafiti wakishirikiana na mpango wa afya wa AMPATH waliendesha tiba ya vikundi kwa Kiswahili kwa wagonjwa wa nje wenye VVU waliokuwa wakinywa kwa kiwango cha hatari, wakiwamo wanywaji wa busaa na chang'aa. Walioviendesha vikundi hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia waliobobea. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Vikao vilikuwa sita, kimoja kila wiki. Matokeo ya jaribio la awali lenye watu 75, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa siku 90 baada ya tiba asilimia 69 ya waliohudhuria vikundi walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Kwetu Tanzania, wauguzi wa idara ya dharura ya hospitali ya KCMC mjini Moshi wameshiriki mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo majeruhi aliyekuwa amekunywa hupewa mazungumzo mafupi akiwa bado hospitalini. Ni mwanzo mzuri. Lakini majeruhi huyo akipona anarudi mtaani, na mtaa haujabadilika.

Mwezi mmoja unaotufundisha

Ushahidi mwingine hauhitaji maabara. Kila mwaka Waislamu wanaokunywa, na wapo, huacha Ramadhani inapoingia, pengine baada ya kuvunja jungu kwa kishindo. Wakristo kadhaa hufanya hivyo Kwaresima. Mtu ambaye mwezi uliopita aliapa hawezi kupitisha siku mbili anapitisha thelathini, na husikii akilalamika sana. Jibu la haraka ni kwamba anamwogopa Mungu. Ni kweli, ila Mungu ni yuleyule mwezi wa Shawwal. Kilichobadilika ni jioni. Magharibi ikiadhiniwa kuna futari, tende, uji wa pilipili manga na nyumba iliyojaa. Baada ya hapo kuna tarawehe, baada ya tarawehe kuna kahawa barazani na kutembeleana. Kila saa iliyokuwa ya baa imepata mwenyewe. Idd ikipita, ratiba ile inafumuliwa na saa zile zinarudi kwa mwenyewe wa zamani.

Wapo watakaosema mfano huu unawahusu wanywaji wepesi tu, kwamba aliyetopea hawezi hata Ramadhani. Nakubali kwa sehemu. Mtu huyo ndiye niliyemtaja mwanzo, anayehitaji hospitali kwanza. Lakini naye akitoka wodini atakutana na jioni hiyohiyo, na kwa bahati mbaya atakutana nayo akiwa na ubongo usioona ladha ya kitu.

Jioni ni ya nani?

Tazama jinsi dola zetu zinavyopambana na pombe. Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba, na ilikuwa hatua ya busara. Pombe kali ya bei ya soda iliyoweza kufichwa kwenye mfuko wa sare ya shule haikuwa na utetezi. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010 ambayo wananchi waliibandika jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho, ilizuia baa kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi na baada ya saa tano usiku. Sheria hiyo ililinda mchana, na mchana ulihitaji kulindwa. Lakini saa ilizoiachia baa ndizo hasa ambazo aliyeacha pombe hana pa kuzipeleka. Katika miji yetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Uwanja wa mtaa hauna taa. Maktaba, kama ipo, imefungwa. Mahali penye mwanga, kiti, runinga ya mpira na mtu anayekujua kwa jina panabaki pamoja tu: baa.

Si kwamba hatujui namna nyingine. Pwani imekuwa na jioni isiyo na pombe kwa karne nyingi. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu hukusanyika kwenye baraza, kahawa chungu ikimiminwa kutoka kwenye dele, dhumna ikipigwa, na siasa ikichambuliwa kwa sauti inayoshinda ya baa yoyote. Lamu na Tanga ni hivyohivyo. Anayedhani kicheko cha wanaume watu wazima hakiwezekani bila bia hajakaa barazani. Kasoro ya baraza, na si ndogo, ni kwamba mwanamke hana nafasi pale, na wanawake wanaoacha pombe hutafuta kampani kwa shida zaidi kwa sababu hata unywaji wao ulifichwa.

Kuna pia mfano ulioota wenyewe bila mradi wala mfadhili: klabu za joging. Jumamosi alfajiri barabara za Dar es Salaam hujaa makundi yenye fulana za rangi moja, mmoja akiimbisha chenja na wengine wakiitikia, polepole kiasi cha mwenye kitambi kuwamo. Wakimaliza wananyoosha viungo, wanakunywa supu au chai, wanachangia mwenzao aliyefiwa. Afya ndiyo sababu inayotajwa. Mimi naona jambo jingine. Klabu ina saa, ina sare, ina ada, na ina mtu atakayepiga simu usipotokea. Zaidi ya yote, inadai Ijumaa ulale mapema. Kwa mwanachama wa kweli, bia ya Ijumaa inakoma kuwa dhambi inayopingwa kwa meno, inakuwa usumbufu tu. Linganisha na timu za maveterani: nao wanacheza, wanacheka, wana jezi, ila mechi ikiisha msafara mzima unaelekea kaunta, na mara nyingine kreti ndiyo iliyokuwa zawadi ya mshindi. Mchezo ni mmoja. Tofauti iko kwenye kinachofuata.

> Bia ya Ijumaa inakoma kuwa dhambi. Inakuwa usumbufu tu.

Furaha ya kupangwa

Pingamizi la kwanza analotoa mnywaji ni kwamba furaha ya kupangiwa ratiba si furaha. Bia, anasema, huleta uchangamfu wenyewe. Hapa anajidanganya. Uchangamfu wa baa umepangwa kuliko kitu chochote mjini: muziki umechaguliwa, taa zimepunguzwa, chumvi kwenye nyama inakumbusha kiu, tangazo ukutani limemgharimu mtu mamilioni, na mhudumu ameelekezwa asiache chupa tupu mezani. Tofauti ni kwamba ratiba ile iliandikwa na mwenye kuuza. Raha ndogondogo za kawaida, kama kuamka bila kichwa kuuma, kukumbuka mazungumzo ya jana yote, au kumsikiliza mtoto akisoma hadi mwisho wa ukurasa, hazina anayezitangaza. Zina sauti ndogo, zinachelewa, na zinataka kurudiwa ndipo ziingie. Ndiyo maana zinahitaji kupangwa kuliko zile za kaunta.

Fedha ni mfano mzuri. Kwa bia ya shilingi 2,000, anayekunywa tatu kila siku humaliza shilingi 180,000 kwa mwezi. Wanaoacha huambiwa wataona tofauti, halafu hawaioni. Pesa ile huyeyuka kwenye vocha na nauli na mkopo wa jirani, na mwisho wa mwezi mtu anajiuliza alijinyima kwa ajili ya nini. Anayeipeleka kwenye kikoba kila wiki, mbele ya watu wanaoihesabu, akaja kununua bati thelathini za nyumba ya mama yake, ameona kwa macho. Mfuko ulikuwa uleule, ila sasa jasho lake lina mahali pa kuonekana.

Pingamizi la pili ni la kidini, nalo nalipa uzito. Wapo wengi walioacha pombe madhabahuni au msikitini, na wanasema bila Mungu wasingeweza. Sina sababu ya kuwabishia. Ninachoongeza ni kwamba kanisa halimpi mwongofu sala peke yake. Linampa mazoezi ya kwaya Jumanne na Alhamisi, jumuiya ndogondogo, kamati ya harusi, na watu wanaomwita kaka. Linaijaza jioni. Hatari huja anapoteleza. Aibu humfanya asirudi kwenye kwaya, na kwa usiku mmoja wa bia anapoteza muziki, marafiki na ratiba vyote kwa mpigo. Jumuiya inayojua kumpokea aliyeanguka, bila mahubiri marefu, inaokoa zaidi ya ile inayomfukuza.

Pingamizi la tatu, kwamba bia mbili si kitu, nalipitia upesi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Anayeweza kuishia mbili kwa kweli hana haja ya makala hii. Aliyekwisha kuacha anajua kwa nini aliacha.

Mama pombe naye ale nini?

Liko pingamizi zito zaidi, na halitoki kwa wanywaji. Migombani kwenye miteremko ya Kilimanjaro mbege hupikwa zaidi na wanawake, kama ulivyo wanzuki au komoni kwingineko, na fedha yake ndiyo daftari na sare za shule. Mbege pia si kinywaji tu. Kwenye mahari, kwenye msiba, na pale ndugu waliogombana wanapopatanishwa, kata huzunguka kutoka mkono hadi mkono. Anayeikataa huonekana amewakataa waliomkabidhi. Kumwambia mtu aliyeacha pombe ajitenge na hayo yote ni kumnyang'anya furaha iliyo kubwa kuliko ile ya baa, furaha ya kuwa mtu wa kwao.

Hapa sina jibu zima, ila naona pa kuanzia. Wazee wa ukoo wanaweza kuamua kwamba kushika kata na kuipitisha kunatosha, na togwa ikawekwa kando ya mtungi bila maswali, kama inavyowekwa kwa watoto na wajawazito. Haiwagharimu kitu. Suala la mpishi ni gumu zaidi, maana togwa haiuziki kwa bei ya mbege. Anayesema pombe ipungue lazima aseme pia mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake utamfikia lini yule mama, na kwa biashara gani.

Na tukifika kwenye halmashauri, tuseme jambo la mwisho. Kuna wanaodai kwamba maskini hana furaha ya kuijenga, kwamba ukimwondolea kilabu umemwacha na njaa yake tu. Kuna ukweli mchungu ndani yake. Kiti, mwanga na kampani ni vitu vya bei, na kwa sasa anayevitoa bure ni mwenye baa, kwa sababu faida yake iko kwenye chupa. Ndiyo sababu hili haliwezi kubaki suala la mtu na moyo wake. Leseni za vileo hutolewa na halmashauri, na ada yake huingia huko kila mwaka. Halmashauri hiyohiyo ndiyo yenye viwanja vya wazi vya mitaa, na ndiyo inayoweza kuamua kama kiwanja kitakuwa na taa, na kama taa hiyo itazimwa saa moja au saa nne usiku.